Aliyenipa timu ameihama. Nami niiache?

Mlinzi_Saa_Tisa (Kampala), Aprili 2025

Habari zenu ndugu. Naandika nikiwa zamu, kwa hiyo nikikatika katikati mjue nimekwenda kuzunguka ukuta na tochi.

Mimi ni sapota wa Buffalo Sabres. Hoki ya barafu, Marekani. Chekeni kwanza tumalize. Najua humu ndani ni Arsenal, Man U, na wazee wachache wa Villa na Express za hapa Kampala. Mimi Mungu alinipitisha njia nyingine. Msimu wa 2024/25 umekwisha wiki hii na hatukuingia mtoano. Ni msimu wa 14 mfululizo. Katika historia yote ya NHL, ndiyo ligi yao, hakuna timu iliyowahi kukaa nje muda huo. Na msifikiri mlango ni mwembamba: timu ni 32, zinazoingia ni 16. Ni darasa ambalo nusu ya watoto wanapanda kila mwaka, wako anarudia P7, darasa la saba, mpaka ameota ndevu.

Niwaeleze nilivyoipata, maana swali langu liko humo.

Kuanzia 2008 nilikuwa Iraki, mmoja wa wale Waganda waliokwenda kulinda kambi za Wamarekani. Zamu yangu ilikuwa ya usiku, mnarani. Kulikuwa na sajenti mmoja mzaliwa wa Cheektowaga, mji mdogo unaopakana na Buffalo. Jina hilo nililijua kulitamka kabla sijajua Buffalo yenyewe iko upande gani. Kiingereza changu cha kuokoteza na chake cha puani vilikutana katikati tukaelewana. Saa ya Iraki na ya Uganda ni moja, na mechi inayoanza saa moja jioni kule Buffalo wakati wa baridi, kwetu ni saa tisa usiku. Saa kumi na nusu tukibadilishwa, tunakimbilia bwaloni kuwahi kipindi cha tatu kwenye televisheni. Watu wengine wanakunywa uji wao, sisi tunapiga kelele.

Alinifundisha kwa visoda. Anavipanga mezani, vya Pepsi ni sisi, vya Fanta ni wao, na mbegu ya tende ndiyo paki, yaani kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokigombania. Mbegu ivuke mstari wa bluu kwanza, ndipo kisoda kivuke. Kisoda kikitangulia, umeotea. Nilielewa hoki mezani kabla sijawahi kuona barafu kubwa kuliko ile ya kwenye friji. Akanisimulia ya 1999: fainali, mchezo wa sita, muda wa nyongeza wa tatu, Brett Hull wa Dallas anamfunga kipa wetu Dominik Hašek huku mguu wake uko ndani ya eneo la kipa, msimu ambao jambo hilo lilikuwa linakataza magoli kila wiki. Wakuu wakasema goli ni halali kwa sababu Hull alikuwa bado anaimiliki paki, kombe likaenda Texas. Sajenti alikuwa anasimulia kama mtu anayesimulia shamba la babu lililodhulumiwa.

Nikanasa. Na nembo nayo ilichangia: nyati anaruka, chini yake panga mbili zimepishana. Mimi ni mtu wa Arua, nimekua nikisikia wazee wakisema mbogo aliyejeruhiwa ndiye wa kuogopwa. Huyu wetu ana majeraha ya miaka 14 na hajamtisha mtu.

Nilirudi nyumbani Machi 2011. Aprili wakaingia mtoano, wakatolewa na Philadelphia kwenye mchezo wa saba. Ndiyo mara ya mwisho. Sasa sikilizeni: mwenye timu, Terry Pegula, aliinunua Februari 2011. Mimi mwezi uliofuata nikaanza kuishabikia nikiwa ardhi ya Uganda. Kati yetu wawili mmoja ndiye mkosi, na yeye hana dalili ya kuondoka.

Kufungwa nimekuzoea. Mwaka 2021 walicheza michezo 18 bila kushinda hata mmoja, nikakaa. Kinachoniuma ni hawa wanaoondoka. Julai 2018, kodi ya OTT, ile ya mitandao ya kijamii, ilipoanza hapa kwetu, nililipa shilingi zangu 200 ili niingie Facebook, na habari ya kwanza niliyoikuta ni kwamba Ryan O'Reilly amepelekwa St. Louis. Mwaka uliofuata O'Reilly akabeba Kombe la Stanley na kuchaguliwa mchezaji bora wa mtoano mzima. Jack Eichel, nahodha wetu, aliumia shingo, wakagombana naye juu ya upasuaji mpaka akaenda Vegas Novemba 2021. Juni 2023 akabeba kombe. Sam Reinhart tulimpeleka Florida Julai 2021. Juni 2024 fainali ilifika mchezo wa saba, na goli la ushindi lilifungwa na nani? Banange. Sisi ni ile shule ya kijijini inayofundisha watoto vizuri mpaka P6, halafu jina linalotoka gazetini ni la shule ya mjini.

Na Owino, soko la mitumba la hapa Kampala, ndiyo inayonitangazia. Wanaokwenda Owino wanajua safu ya jezi za Marekani, zile nzito za kitambaa cha matundu. Mwaka 2022 nilikuta moja ya Sabres, bluu iliyokoza, EICHEL 15 mgongoni. Hiyo 15 ni namba yake ya zamani, kabla hajachukua 9. Nikashika kola, nikaona mtu ameandika kwa kalamu ya wino herufi mbili za jina lake, na kwenye mkono wa kulia kuna doa la kitu kama haradali. Mtu huyo alikuwa akiivaa uwanjani. Alikula ndani yake. Halafu siku moja akaikunja, akaitupa kwenye lile sanduku la nguo za kutoa, robota likavuka bahari mpaka Kampala, muuzaji ananiambia, "Elfu kumi na tano ssebo, hii ni ya baridi." Nikaipata kwa kumi. Tangu hapo nimeshaona Reinhart 23 mara mbili na O'Reilly 90 mara moja. Robota haliwezi kudanganya. Ukiona jina limefika Owino, ujue Buffalo kuna nyumba imekata tamaa.

Nilimpa fundi atoe zile herufi za Eichel kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Alifanya kazi ya saa mbili. Zilitoka, lakini kitambaa chini yake kilikuwa hakijapigwa na jua, kwa hiyo jina bado linasomeka, safari hii kwa kivuli. Jirani yangu ambaye ni wa ukoo wa Mbogo huniazima akienda kwenye mpira wa Bika, mashindano ya koo za Baganda, kwa sababu ya yule nyati, maana mbogo ndiye mnyama wa ukoo wao. Anasema timu yenye mnyama wao haiwezi kushindwa. Sijampa takwimu.

Msimu huu nao. Walianzia Prague, Oktoba, michezo miwili dhidi ya New Jersey. Mchezo wa kwanza Sabres wanacheza saa mbili usiku kwa saa yetu, saa ya binadamu. Nikaita watu, nikanunua soda, nikaegemeza simu kwenye birika. Tukafungwa. Kesho yake tukafungwa tena. Mtoto wa jirani akaniuliza, "Mzee, wale wako ni wale wanaoanguka?"

Desemba ndiyo sitaisahau. Colorado wamekuja Buffalo. Kipindi cha kwanza hakijaisha tunaongoza 4-0. Nne! Niko kwenye kiti changu cha plastiki langoni, saa tisa na kitu, mbwa amelala, nasema leo nachemsha chai ya maziwa kabisa. Nimeweka tangawizi. Nimerudi, 4-1. Siyo neno. Nimekwenda kuzunguka ukuta, dakika kumi hivi, nasikia simu inatetemeka mfukoni, sitaki kuitoa. Mtu anajua. Mechi iliisha 5-4, yao. Chai niliikuta imetengeneza utando juu. Huo ulikuwa katikati ya mfululizo wa michezo 13 bila ushindi. Na siku chache baadaye meneja mkuu akawaambia waandishi kwamba wachezaji hawaji Buffalo kirahisi kwa sababu hakuna minazi na kodi ni kubwa. Minazi! Basi Kampala na michikichi yetu yote ya barabarani tungekuwa na kombe.

Sasa swali. Mwezi uliopita nimemwandikia sajenti wangu, kama kila mwaka ifikapo Machi, kumuuliza hali na kulia pamoja. Akajibu kwamba amestaafu, amehamia Florida, na siku hizi anakwenda kuwaangalia Panthers. "Reinhart yuko huku," kaandika. "Wetu wote wako huku. Njoo." Kumbukeni 2023 tulikosa mtoano kwa pointi 1 tu, sisi 91, wao hao Florida 92, na wakaenda na nafasi hiyo hadi fainali.

Yaani aliyenibatiza ameasi dini. Nimebaki mimi, mlinzi wa ghala Namanve, nikilinda timu ambayo mwenyewe ameihama. Niendelee kwa ajili ya nani? Na mtu akifuata wachezaji badala ya jezi, huyo ni msaliti au ni mwenye akili?

---

Kipa_wa_Lugogo

Kaka hoki iko Lugogo hapa, kila wikendi, nyasi bandia, hakuna kulala saa tisa. Njoo uchague timu hata kesho. Sijasoma yote ila pole.

---

Jogoo_wa_Zamani

Mdogo wangu, nimesoma yote mpaka mwisho, na ile ya doa la haradali nimeirudia.

Mimi ni Villa tangu ujana. Tulichukua ligi 2004, likiwa la 16, tukaenda nyumbani tukijua mwakani tutachukua jingine, kama mtu anayejua kesho kutakuwa na ugali. Lililofuata tumelichukua 2024. Miaka 20. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa, akasoma, akaota ndevu, hajawahi kumwona Jogoo akiwika. Kuna msimu tuliponea chupuchupu kushuka daraja. Uwanja wetu wa Nakivubo ukabomolewa tukiwa tunatazama. Wewe unayekwenda Owino unajua, ni ubavuni hapo tu.

Tulikuwa wanne tulioketi pamoja Nakivubo. Mmoja amefariki. Wawili walihamia timu za televisheni, mmoja Chelsea, mmoja Barcelona, kwa hoja hiyohiyo ya sajenti wako: mpira mzuri uko huko, njoo. Sikuwaita wasaliti. Nilikuwa nawaonea wivu, kusema kweli, Jumapili wanakuja kanisani wamenyooka uso.

Lakini nikuambie kitu kimoja cha 2024. Siku ya ubingwa walirudi wote wawili. Wamevaa jezi mpya za Villa zenye mikunjo ya dukani bado, wananikumbatia, "tumechukua!" Mimi nikawa nawaangalia ile mikunjo. Sikusema neno, nikawanunulia bia. Moyoni nilikuwa nahesabu mechi ambazo nililowa mvua peke yangu.

Sasa wewe ukihama, ujue hautakosa kombe, Florida wanalichukua vizuri tu. Ila utakuwa unalivaa na mikunjo.

---

Nesi_Scarborough

Kaka Mlinzi, salamu kutoka Toronto. Mimi mzaliwa wa Kasese, natunza wazee hapa mwaka wa tisa. Toronto na Buffalo ni jirani, saa mbili hivi kwa gari kama mpaka haujajaa, na Leafs, timu ya hapa Toronto, wakicheza kule nusu ya uwanja ni watu wetu. Samahani kwa hilo. Tiketi za kwenu ni rahisi kuliko za huku, sababu unaijua.

Usifikiri mwenzako yuko peponi. Leafs hawajachukua kombe tangu 1967. Tofauti yetu ni kwamba sisi tangu 2017 kila mwaka tunaingia mtoano, tunanunua bendera za gari, tunatolewa. Mgonjwa wangu mmoja ana miaka 88, kila Aprili ananiambia "mwaka huu, dada." Sijui kipi ni kibaya zaidi, njaa yenu au chakula chetu kinachoanguka njiani kuelekea mdomoni.

Nataka kukurekebisha mambo mawili.

La Eichel kwanza, kwa sababu ni kazi yangu. Diski ya shingoni ilikuwa imechomoza. Madaktari wa timu walitaka kuunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Yeye na daktari wake walitaka kuitoa diski na kuweka ya bandia, ili shingo iendelee kugeuka. Hakukuwa na mchezaji wa NHL aliyewahi kurudi uwanjani na diski ya bandia, na kwa mkataba wa wachezaji neno la mwisho lilikuwa la timu. Kwa hiyo alikaa miezi bila kutibiwa. Vegas walipomchukua walimruhusu, akafanyiwa wiki iliyofuata uhamisho, na Februari 2022 alikuwa anateleza. Mimi nikiwaangalia wagonjwa wa shingo hapa, mtu ambaye hawezi kugeuka kuangalia gari linatoka wapi, sikumlaumu. Usimwite aliyeondoka. Alikuwa ameshika shingo yake.

La pili, unasimulia kana kwamba mnawatoa watu bure. O'Reilly alipokwenda St. Louis, ndani ya mzigo uliokuja kwenu alikuwamo kijana mmoja mrefu ambaye hakuna aliyemjali. Tage Thompson. Msimu huu ana magoli 44. Na kwa Eichel mlimpata Alex Tuch, mtoto wa Syracuse, ambaye alikua akiishabikia Sabres. Huyo mbona hukumtaja? Yeye hakuhitaji mnazi.

Mkosi hauko kwako wala kwa Pegula peke yake. Tangu kocha Lindy Ruff afukuzwe 2013 mmepita Rolston, Nolan, Bylsma, Housley, Krueger, Granato, halafu 2024 mkamrudisha Ruff yuleyule. Mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila baada ya mihula miwili hafaulu hata awe na akili kiasi gani. Kwenye uchaguzi wa vijana wapya wa ligi, Dahlin mlimchagua wa kwanza kabisa 2018, Power wa kwanza kabisa 2021. Mbegu mnazo. Shamba ndilo mnalichimbua kila mara kuangalia kama zimeota.

---

Busia_Mpakani

Afande hii hadithi ni tamu kuliko mechi zenyewe 😂

Mimi Arsenal. Sisi tangu 2004 hatujabeba ligi, sawasawa na huyo mzee wa Villa, ila mwenzetu yeye ameshatoka gerezani. Na sisi gereza tumeliona kwa macho: Januari 2023 tumeifunga Man U 3-2, vijana wa Jinja wakatembea barabarani na kikombe chao cha bandia, polisi wakawabeba kwa maandamano bila kibali. Kikombe chenyewe si cha kweli na bado tumefungwa nacho. Kwa hiyo usinililie.

Swali moja la kibiashara. Ile michezo 13 bila ushindi, ulikuwa unabeti dhidi yao? Maana hiyo ilikuwa pesa imelala barabarani.

---

Mlinzi_Saa_Tisa

Nimerudi. Kulikuwa na lori la saa tano lililofika saa saba.

Busia, mpwa wangu alifanya hivyohivyo. Aligundua kwamba mimi nikinuna asubuhi, yeye ana pesa. Desemba yote aliweka elfu mbili mbili dhidi yetu, akanunua viatu. Desemba 23 nilimwambia aweke tena, nikamsisitiza kabisa, na usiku huo tukawafunga Islanders 7-1. Hakuongea nami mpaka Krismasi imepita. Sijutii.

Nesi, asante, hilo la diski nilikuwa nalijua nusu. Miaka mitatu nimekuwa nikisema "alikataa kutibiwa na daktari wetu" kama vile daktari ni wangu. Nilipotoa jina lake kwenye jezi nilikuwa na hasira. Sasa naangalia kile kivuli naona kama namdai mtu aliyekuwa anaumwa.

Tuch sikumtaja makusudi. Wewe ukiwa na mbuzi mmoja aliyebaki zizini, unamtangaza kijijini?

Mzee Jogoo, umenigusa, lakini acha nikujibu kidogo. Wewe ulikuwa na Nakivubo. Ulilowa, sawa, lakini walikuona umelowa. Beki akikosea ulimtukana akasikia. Mimi nikizomea, anayesikia ni mbwa. Nikikaa kimya, pia ni mbwa. Hakuna mtu Buffalo anayejua kwamba kuna kiti kimoja cha plastiki Namanve chenye mtu. Siku nikiacha, hesabu yao haipungui hata moja. Kwa hiyo hilo la uaminifu nimeligeuza huku na huku na sijui ni uaminifu kwa nani. Sajenti alikuwa ndiye shahidi wangu pekee. Kila Machi tulikuwa tunaandikiana, "Na mwaka huu?" "Na mwaka huu." Basi, hayo mawili tu, na mwaka unaendelea.

Nadhani ndicho kilichoniuma, siyo Florida.

---

Jogoo_wa_Zamani

Sasa umesema. Hukuja kuuliza habari za hoki.

Mwandikie. Mwambie hapana, mimi nimebaki, lakini nitakuwa nakuuliza habari za Reinhart wako. Sisi na yule wa Chelsea tunaongea hivyohivyo mpaka leo. Yeye ananiuliza Jogoo vipi, mimi namuuliza Stamford Bridge kuna mvua. Inatosha.

---

Nesi_Scarborough

Na mimi nipo. Oktoba mkianza tena niandikie huku jukwaani ukiwa zamu. Baridi ikiingia, saa tisa yako usiku ni saa moja jioni yangu, nakuwa natoka kazini, niko kwenye basi. Nitakushangilia mpaka siku mkicheza na Leafs.

---

Mlinzi_Saa_Tisa

Nimemwandikia. Ana alama mbili za bluu, hajajibu, kule bado mchana labda yuko ufukweni chini ya minazi.

Nesi, nimeshika neno lako. Oktoba.

---

Busia_Mpakani

Afande kabla hujafunga uzi: hiyo jezi ya kivuli unauza? Nina mteja Malaba anapenda vitu vya ajabu. Elfu thelathini mkononi.

---

Mlinzi_Saa_Tisa

Haiuzwi. Jirani wa Mbogo ana mechi Jumamosi.

Ila wewe uko mpakani, marobota yanapita mbele yako kabla hayajafika Owino. Siku ukifungua moja ukakuta Sabres imeandikwa TUCH 89, ssebo, nakuomba, irudishe chini kabisa, uweke makoti juu, na usiniambie.